Nywele za Mkia wa Ng'ombe

Mama yangu ameishi Makole, hapa Dodoma mjini, miaka mingi na anajua kazi ya kila mtu wa mtaa wake isipokuwa ya binti yake. Majirani wakimuuliza huwaambia natengeneza kompyuta za hospitali. Nilijaribu kumsahihisha mara mbili, mara ya tatu nikaacha, maana kila nilipoeleza alinihurumia zaidi. "Kwa hiyo unasoma herufi nne tu, kutwa nzima?" aliniuliza siku moja. Nikamwambia ndiyo, ni nne, ila zimerudiwa mabilioni ya mara. Akaniongezea ugali.

Lakini kazi yenyewe ndiyo hiyo. Vinasaba vya kila kiumbe vimeandikwa kwa herufi nne, nami naandika programu za kuzisoma na kuzilinganisha: nani ndugu wa nani, nani katoka wapi, nani anastahimili ukame na kwa nini. Wenzangu wa maabara huvaa makoti meupe na glavu. Mimi huvaa sweta, kwa sababu Dodoma ya Juni na Julai ina upepo wa baridi ambao watu wa Dar es Salaam hawauamini mpaka waje bila nguo nzito.

Sikuichagua kazi hii, ilinibakia. Nilitaka udaktari, kama kila mtoto aliyechukua sayansi na ambaye baba yake ni mtumishi wa serikali. Alama zikakataa, nikapangiwa baiolojia kwenye chuo cha mjini kwetu hapahapa. Mwaka wa pili nikagundua kwamba nina mkono mbaya. Nilichogusa maabara kiliharibika. Niliwahi kupiga chafya moja tu, kazi ya kundi zima ya wiki tatu ikaenda na maji. Mhadhiri wetu, mama mmoja mpole aliyekuwa ameshachoka na mimi, akanihamishia kwenye kompyuta iliyokuwa pembeni na kunipa majedwali niyapange. Nadhani alitaka kuokoa vyombo vyake. Mimi nikajisikia nimefika nyumbani. Kwenye kompyuta ukikosea unafuta na kuanza upya, wala hakuna anayejua kwamba ulikosea.

Nikajifunza kuandika programu kwa kung'ang'ania intaneti ya maktaba. Nikapata ufadhili wa shahada ya pili, kisha ya tatu, nchi za watu, nikarudi na cheo cha daktari. Cheo hicho kilinitesa Makole nzima. Watu waliniletea watoto wenye kikohozi, babu mmoja akanionyesha goti. Niliwaambia mimi ni daktari wa maandishi, wakasema basi niwaandikie dawa.

Kazi yangu ya kwanza baada ya kurudi ilikuwa mradi wa ng'ombe wa kienyeji wa nyanda hizi kavu za kati. Tulitaka kujua wamebeba nini kwenye vinasaba vyao kinachowawezesha kuishi miezi na miezi bila jani bichi. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye timu ya wachambuzi, na mdogo kuliko wote, na pia, sina budi kusema, mjuaji kuliko wote. Nilijitambulisha kila mahali kuwa mtu wa Dodoma. Wazazi wangu walihamishiwa hapa kikazi kutoka Ruvuma na mimi nikazaliwa hapa. Kuhusu ng'ombe, nilikuwa nimewaona wakivuka barabara, na nilikuwa nimewala.

Sampuli zilikuwa rahisi kuchukua. Unang'oa nywele chache za mkia pamoja na vishina vyake, unazitia kwenye bahasha, unaandika juu yake kijiji, mwenye zizi na alama za mnyama. Sharti lilikuwa moja, na nililiandika mimi mwenyewe kwa herufi nene: wanyama watoke maboma mbalimbali na wasiwe ndugu. Ukisoma ndugu watupu ni sawa na kuuliza familia moja maoni halafu ukasema umeuliza kijiji kizima.

Upande wa wilaya ya Kongwa tulimpata bwana mifugo mmoja aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Serikali ilimruhusu atusaidie. Sikuwahi kumwona, nilijua mwandiko wake tu. Bahasha zake zilikuwa safi kuliko za watu wote. Wengine waliandika "jike, mwekundu" wakamaliza. Yeye aliandika: "Jike, kijivu, doa jeupe begani kulia, pembe ya kushoto imeinama, mpole ila usimkaribie kwa nyuma." Niliwasomea wenzangu ofisini, tukacheka.

Matokeo yaliporudi kutoka maabara nikaendesha programu yangu ya kupima undugu. Maboma ya vijiji vingine yalikaa vizuri. Ya bwana mifugo yule yalinitoa jasho. Ng'ombe wa vijiji vyake vinne, maboma mbalimbali, walikuwa mama na binti, dada na dada, shangazi na mpwa. Mama yuko kijiji cha Mlali, binti yake yuko kijiji cha mwendo wa siku nzima kwa miguu, dada yake yuko kingine upande wa pili kabisa. Nikarudia hesabu mara tatu. Jibu halikubadilika.

Katika kazi yetu kila mtu anajua maana ya jambo kama hilo. Mtu amechoka na jua, ameingia zizi moja tu, akang'oa nywele za ng'ombe wa mtu mmoja, kisha akajaza fomu za vijiji vinne huku anakunywa chai. Nilikasirika. Nilijiona nimeibiwa kazi ya miezi. Sikupiga simu, sikuuliza. Niliandika barua pepe ndefu yenye vielelezo, nikasema wazi kwamba sampuli ni za kughushi, nikampelekea kiongozi wa mradi na nakala kwa kila mtu niliyekuwa na anwani yake. Nilipobonyeza kutuma niliona raha, nakiri.

Wiki iliyofuata bwana mifugo akaitwa Dodoma. Alikuja na suti ya kaki iliyopigwa pasi, vumbi la safari limemkalia mabegani, mfuko wa karanga mkononi kwa ajili yetu. Nilimwamkia shikamoo kwa shingo upande. Akaitikia marahaba kwa sauti ileile ambayo angemwitikia mtoto yeyote, nikaudhika zaidi.

Kiongozi wa mradi alimuuliza nywele zile alizichukua wapi. Akasema alizichukua pale alipoandika. Akaulizwa basi imekuwaje mama awe Mlali na watoto wake wametapakaa vijiji vitatu. Mzee akatazama meza kwa muda. Alikuwa na jibu, mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba analo. Kisha akasema:

"Mimi nilitumwa nywele. Sikutumwa habari za watu."

Nikaona ni kiburi. Kiongozi akamweleza kwa upole kwamba pasipo maelezo, itabidi barua iende kwa mwajiri wake, na barua ya kughushi ikiingia kwenye jalada la mtu anayekaribia kustaafu haitoki tena. Mzee akasema ameelewa. Akauliza kama tunahitaji kitu kingine, akatuachia karanga, akaondoka. Kiongozi alikula mbili tatu huku anafikiri. Akanigeukia, akasema kabla hajaandika barua ile, mimi mwenyewe niende nikachukue sampuli upya kwenye maboma yaleyale, na mzee yuleyule anionyeshe njia.

Nilienda na gari la mradi, kiti cha mbele, miwani ya jua. Mzee alikaa nyuma na mfuko wake. Boma la kwanza tulimkuta ng'ombe mwenye doa jeupe begani kulia na pembe ya kushoto iliyoinama. Nilimkaribia kwa nyuma, nikajua kwa nini aliandika nisifanye hivyo. La pili, kijiji kingine, vivyo hivyo: kila mnyama aliyeandikwa alikuwapo, na kila alama ilikuwa mahali pake. Kufika saa sita nilikuwa nimeanza kunyamaza. Mtu hawezi kughushi ng'ombe mzima, tena na pembe yake. Lakini kama mzee hakusema uongo, basi programu yangu ndiyo iliyosema uongo, na hilo sikuwa tayari kulimeza.

Boma la tatu tuliambiwa ng'ombe wako joshoni, ilikuwa siku ya kuogesha. Tukawafuata. Palikuwa na wafugaji wengi, wamesimama na fimbo, ng'ombe wakipita mmoja mmoja kwenye maji ya dawa na kutoka upande wa pili wakijipukuta. Niliwasalimu kwa Kigogo changu cha sokoni, "Mbukwenyi", wakaitikia na kucheka kidogo. Akatoka mtamba mwekundu mwenye mkia mweupe nchani. Nikamtambua kutoka kwenye fomu. Nikafungua kompyuta juu ya boneti ya gari, watu wakasogea kuangalia, na mimi, sijui ni kutaka kushinda au ni kujionyesha tu, nikasema kwa sauti ya mwalimu:

"Kompyuta hii inasema mama wa mtamba huyu yuko Mlali." Nikamtaja na mzee wa Mlali mwenye zizi la mama huyo, kwa jina lake. Nikaongeza kwamba dada zake wako vijiji viwili vingine, nikavitaja navyo. Nikauliza: "Sasa inawezekanaje?"

Waswahili wanasema usimwage mtama penye kuku wengi. Mimi niliumwaga gunia zima. Mfugaji mwenye mtamba yule aliinamisha kichwa. Wanaume wawili wakatazamana. Kisha wote, bila kuambiana, wakamgeukia bwana mifugo, wala hawakumtazama kama mtu waliyemjua kwa miaka mingi. Yeye akanigusa kiwiko, akasema tuondoke.

Safari hii alikaa mbele. Dereva alipoliacha josho nyuma, mzee akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto mezani. Huku kwao mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia utawamaliza, ukame ukipiga upande mmoja utawamaliza, wezi nao vilevile. Kwa hiyo anachukua baadhi anawapeleka kwa rafiki wa kijiji kingine, na wengine kwa rafiki mwingine, wawalee. Mlezi anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, na akilea vizuri siku moja anapewa ndama wake mwenyewe. Kwa macho ya wapita njia ng'ombe ni wa mlezi. Ni wa nani hasa wanajua wawili tu, mwenye mali na mlezi, na labda bwana mifugo, kwa kuwa anawachoma sindano wote na ana macho.

"Huwa hatusemi," alisema. "Mtu akijua ng'ombe wako wote waliko, amekushika."

Nilimuuliza kwa nini hakusema pale ofisini, tena mlango ulikuwa umefungwa. Akanijibu kwamba katika barua pepe yangu, aliyoonyeshwa alipoitwa mjini, alihesabu majina ishirini na mawili. Akauliza ni mlango upi huo niliokuwa nimeufunga.

Nikalia, nasema kweli. Machozi ya aibu ni ya moto kuliko mengine. Mzee wa watu alikuwa tayari kustaafu na doa la kughushi kwenye jalada lake ili asitoe siri ya watu waliomwamini, na mimi nimeitoa siri hiyo joshoni mchana kweupe, tena kwa namna ambayo kila aliyekuwapo atadhani imetoka kwake. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwomba tugeuze gari twende Mlali kwa mwenye ng'ombe kabla habari hazijatutangulia. Akasema habari zimeshafika, pale joshoni kila mtu ana simu. Lakini akamwambia dereva ageuze.

Mwenye ng'ombe alikuwa mzee mwembamba, amekaa kwenye kigoda anasuka kamba. Nilimwamkia nikiwa nimepiga goti, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nikiwa mdogo. Hakunikaribisha kiti. Alizungumza kwanza na bwana mifugo, kwa Kigogo, maneno machache. Sikuyaelewa ila niliona bwana mifugo hajibu, anaangalia chini kama alivyofanya ofisini. Nikaona hapa ndipo anaponyang'anywa jina lake, na nisiposema mimi hakuna atakayesema.

Nikasema kwa Kiswahili, bila kupamba. Nikamweleza kwamba mtu huyu hakuniambia kitu. Aliitwa mjini, akaulizwa mbele ya wakubwa, akaambiwa atapoteza heshima yake ya kazi, na bado hakuniambia kitu. Mimi ndiye niliyemwita mwongo kwa maandishi. Zilizosema ni nywele za ng'ombe wake mwenyewe.

Mzee aliacha kusuka. Akataka nimweleze nywele zinasemaje. Nikamweleza kama ninavyomweleza mama yangu, herufi nne, zimerudiwa, mama anampa binti nusu. Alielewa upesi kuliko mama yangu, na upesi kuliko baadhi ya wanafunzi niliowahi kuwafundisha.

"Kwa hiyo hicho chombo chako kinajua ng'ombe wangu wote waliko?"

"Wale tuliong'oa nywele, ndiyo, babu."

"Na wa mjini wataona?"

Nikasema hawataona. Akairudia kamba yake. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Mkewe alituletea ugali wa mtama na mlenda, bwana mifugo akala vizuri, mimi nilijilazimisha. Tulipokuwa tunaondoka mwenye ng'ombe alibaki amekaa. Alimpa bwana mifugo mkono kama mtu anayempa mgeni.

Nilirudi Dodoma nikaandika barua pepe ya pili kwa watu wale wale ishirini na wawili. Ilikuwa fupi. Nilisema sampuli ni halali, zimehakikiwa mahali zilipochukuliwa, na kosa lilikuwa langu la kutoa tuhuma bila kuuliza. Kiongozi wa mradi alitaka sababu ya undugu ule. Nikamwambia ninayo na sitaiandika. Alikuwa mtu mwelewa lakini alikuwa na wafadhili, na wafadhili hawali kimya. Barua ya mzee haikuandikwa, hilo tulikubaliana. Ila nywele za Kongwa zote ziliondolewa kwenye makala yetu ya kwanza, na mimi niliyezisimamia nikaondolewa nazo. Wenzangu wawili walipanda vyeo kwa makala ile. Nilinuna mwezi mzima, sitajifanya mtakatifu.

Nilijipa kazi nyingine ambayo hakuna aliyenituma. Nilipitia kila faili, nikafuta majina ya vijiji na ya wenye mazizi, nikabakiza neno moja tu, Kongwa. Tangu hapo, katika kila mradi ninaoingia, hilo ndilo jambo la kwanza ninaloliuliza: nani atajua nini kuhusu nani tukishamaliza. Vijana wapya huona nachelewesha kazi. Kuna mmoja aliwahi kuniambia, kwa adabu, kwamba ni ng'ombe tu.

Bwana mifugo alistaafu kwa heshima zake. Nilikuwa nampigia simu mara moja moja, tunasalimiana, tunaongelea mvua, na kila mara nilitaka kuuliza kama wafugaji wamerudi kumwamini, kila mara nikashindwa. Nilijua kutoka kwa dereva wetu kwamba msimu mzima watu walikuwa wanamwita kuchanja, wanamlipa, hawamwaliki kula. Nilikuwa nikimfikiria akila peke yake baada ya kazi ya miaka yote hiyo, na hamu ya kula ikinitoka na mimi.

Mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza, akanipigia yeye. Sijawahi kumsikia anacheka hivyo. Aliniambia yule mzee wa Mlali alikwenda kwake asubuhi, kwa miguu, akampelekea majike wawili awalee.

Nilipiga kelele ya furaha, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nilimpongeza, nikamuuliza wana rangi gani, akaniambia, kwa maelezo yake yale yale marefu, na hata tabia za mmoja wao. Kisha nikamuuliza, kwa mazoea tu, kama amewaweka hapo hapo nyumbani kwake.

Yeye akaniuliza kama na huku mjini mvua imenyesha.

Nikamwambia ndiyo, babu, huku imenyesha vizuri.